Kwa nini maandiko ya kuomba ufadhili ya shule za Dar yanagonga mwamba kwa wafadhili?

#1 ChakiNyeupe
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulichambue hili kwa namba, lawama tuziweke kando. Shule za serikali za pembezoni mwa Dar, kuanzia Chanika na Kivule hadi Mbagala na kule Goba, zina shida ambayo mtu akivuka geti tu anaiona. Ila madarasa na mabweni mengi ya wafadhili yanajengwa mikoani. Dai langu: mfadhili keshaamua kwamba Dar ina hela, mengine yote ni heshima tu ya kupokea bahasha.

Tuchukue mfano wa shule ya msingi tusiyoitaja. Wanafunzi 2,310, kati yao wasichana 1,190. Matundu ya choo 14, saba kwa saba. Andiko linaomba milioni 186: madarasa manne milioni 112, matundu 20 ya choo milioni 40, uzio milioni 18, kompyuta 20 milioni 12, tangi la maji milioni 4. Limepelekwa milango minne. Miwili imejibu "tunashukuru kwa maombi yenu", miwili kimya. Wamekosea wapi, na wagonge wapi tena?

#2 TofaliMbichi
Mkuu, hilo si andiko, hiyo ni bajeti ya kamati ya harusi. Vitu vitano visivyohusiana, kila kimoja kina mfadhili wake. Anayejenga vyoo hataki kusikia kompyuta, na wa kompyuta akiona uzio anafunga faili.

#3 BintiTandika
Uzio wa milioni 18 una mita ngapi? Maana hapo juu sijaona mita, nimeona hela tu.

#4 FundiMaandiko
Mwenye uzi, namba unazo ila umezilalia. Mwongozo wa huduma za maji na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Piga hesabu: wasichana 1,190 wanahitaji matundu 60. Wavulana 1,120 wanahitaji 45. Jumla 105, yapo 14, pengo ni 91.

Sasa andiko lako linaomba 20 bila kueleza kwa nini 20. Msomaji anajiuliza: hata nikitoa, bado kuna pungufu ya 71, nimesaidia nini? Unamjibu kabla hajauliza. Matundu 20 yote yaende kwa wasichana. Leo ni wasichana 170 kwa tundu moja. Yakiongezwa 20 yanakuwa 27, yaani wasichana 44 kwa tundu. Ongeza chumba cha kujisitiri chenye maji ndani na kichomea taka cha pedi. Hapo una sentensi moja inayobeba andiko zima: "kutoka 170 hadi 44". Hakuna haja ya kurasa tatu za "elimu ni ufunguo wa maisha".

#5 Mzee wa Leja
#4 kongole. Ila na wavulana nao 160 kwa tundu moja, hao unawaacha?

#6 FundiMaandiko
Mzee wa Leja, siwaachi, nawaweka awamu ya pili na naiandika kabisa kwamba ni awamu ya pili, na nani ataombwa. Ukiomba 91 kwa mkupuo unaonekana huijui hela. Ukiomba 20 bila mpango wa 71 unaonekana hujaona tatizo.

#7 KivukoniSaaKumi
Mnahangaika bure. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Shule iandike barua tu manispaa ipewe.

#8 Mzee wa Leja
#7 hapana. Asilimia 10 ni mikopo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawanyo wa 4:4:2. Ni mkopo, unarudishwa, na shule si kikundi. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, ila walengwa ni wale wale. Ulichokuwa unakitafuta huenda ni Mfuko wa Jimbo, ule wa sheria ya 2009. Kamati yake mwenyekiti ni mbunge, hela inapitia halmashauri, na kazi yake ni kuchochea mradi ambao wananchi wameshauanza. Boma likifika kwenye linta unaombea bati. Ukienda na kiwanja kitupu na ramani mkononi unarudishwa.

#9 KivukoniSaaKumi
Nimekubali, nilichanganya. Ila shule kuwa kikundi cha wanawake si wazo baya, walimu wenyewe wengi ni wanawake 😂

#10 BintiTandika
😂😂 Mrudisheni kivukoni huyu, pantoni linaondoka.

#11 SamakiNchanga
Turudi kwenye "wagonge wapi". Kwa choo au darasa, mlango unaojulikana ni ule mpango wa ubalozi wa Japani wa misaada midogo ya ngazi ya jamii, watu wanauita GGP. Wanapokea asasi zisizo za kiserikali, halmashauri na taasisi zisizotengeneza faida. Ukomo wa kawaida kwa miaka mingi ulikuwa yen milioni 10, lakini someni tangazo la mwaka husika, msiandike kwa kumbukumbu. Hawalipi mishahara, posho wala matumizi ya kila siku. Na mwaka wao wa fedha unaanza Aprili, wetu Julai. Anayesubiri bajeti ya manispaa ipite ndipo aandike anakuta foleni imeshasogea.

Rotary nao wapo, na Dar klabu ni nyingi. Wanatoa kama dola 5,000 hivi kwa shule.

Australia wana mfuko mdogo unaohudumia na Tanzania, ila unaendeshwa na ofisi yao ya Nairobi, kwa hiyo usipoteze nauli kutafuta geti lao Masaki.

Kompyuta zitoeni kabisa humo ndani. UCSAF, ule Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, hupeleka vifaa vya TEHAMA kwenye shule za umma. Barua ipitie kwa Mkurugenzi wa halmashauri.

#12 DalaliWaHoja
#11 kwenye Rotary umeteleza. Ruzuku kubwa ya Rotary bajeti yake haianzii chini ya dola 30,000. Zile ndogo ni za klabu au za wilaya yao ya Rotary. Na kwenye hiyo kubwa shule haiombi. Inaombwa na klabu mbili, moja ya hapa na moja ya nje, na kabla ya yote kuna tathmini ya mahitaji ya jamii inayoandikwa. Wengi wanaanza kwa kutuma andiko makao makuu Marekani na kungoja. Anza na klabu ya hapa, mkaribishe mtu wao aione shule saa nne asubuhi, muda wa mapumziko, foleni ya chooni ikiwa imejaa. Ukimleta Jumamosi atapiga picha ya ukuta.

#13 SamakiNchanga
Sahihi, nimekubali kurekebishwa.

#14 TofaliMbichi
Mbona hamjataja TEA? Mamlaka ya Elimu Tanzania ipo tangu sheria ya 2001 na inasimamia Mfuko wa Elimu wa Taifa. Inatoa ruzuku na mikopo nafuu. Kuna kitu walimu wakuu wengi hawakitumii: kampuni ikichangia elimu kupitia mfuko ule hupewa hati ya utambuzi inayoiwezesha kupata nafuu ya kodi. Mkienda kuomba kwa kampuni ya mtaani kwenu, mpelekeeni na hoja hiyo. Mhasibu wa kampuni ataisoma haraka kuliko meneja uhusiano.

Benki nazo. NMB na CRDB wametangaza kutenga asilimia 1 ya faida baada ya kodi kwa ajili ya jamii. Mara nyingi wanatoa vitu, si fedha: madawati, viti na meza, mabati. Kwa hiyo usiombe "ujenzi wa darasa". Omba bati kwa idadi na geji (unene wake), au madawati kwa idadi, na barua ianzie tawi lililo karibu.

#15 NyarakaKwanza
Wote mmeruka mlango wa kwanza. Dai la #1 kwamba mfadhili anaiona Dar tajiri silikubali. Maandiko ya Dar yanaanguka kwenye ardhi. Shule nyingi za pembezoni eneo lilitolewa na mwenyekiti wa mtaa au lilinunuliwa na wananchi, halijapimwa, na mpaka upande mmoja jirani keshasogeza msingi wa nyumba. Mfadhili wa jengo anataka uthibitisho kwamba kiwanja ni cha shule. Unampa nini? Barua ya mtendaji wa kata yenye muhuri uliofifia.

Na hapa ndipo uzio mlioucheka unapoeleweka. Huko uzio ni mpaka, kabla hata haujawa ulinzi. Ila uandike hivyo, na uambatishe ramani ya upimaji.

#16 BintiTandika
#15 nimeelewa, nafuta kicheko. Mita bado nazitaka.

#17 NyarakaKwanza
😀 Haki yako. Kosa jingine dogo linaloua: namba ya usajili wa shule na namba ya kituo cha mtihani ni vitu viwili. Usajili wa msingi unaanza na EM, sekondari na S yenye nukta. Ile ya PS ni ya NECTA, Baraza la Mitihani. Fomu ikiuliza usajili ukajaza ya NECTA, anayehakiki anaitafuta shule haioni. Haandiki barua kukuuliza, anachukua faili linalofuata.

Na muhtasari wa Kamati ya Shule. Uwe na tarehe iliyotangulia tarehe ya andiko. Kuna maandiko yametumwa mwezi wa tatu, muhtasari wa kuyaidhinisha wa mwezi wa tano.

#18 Mzee wa Leja
Tuje kwenye profoma, yaani karatasi ya bei ya muuzaji kabla hujanunua, maana hapa ndipo penye vilio. Wafadhili wengi wanataka profoma tatu za watoa huduma tofauti. Kinachotokea: mwalimu anashuka Kariakoo, anaingia duka moja, muuzaji anamwambia "nikutengenezee zote tatu, mwalimu?" Zinatoka tatu zenye majina matatu, mwandiko mmoja, na neno "misumari" limeandikwa "misumali" kwenye zote. Msomaji wa pale ubalozini ana macho.

Hata zikiwa halali, hazilingani. Ya kwanza bati geji 28, ya pili geji 30, ya tatu imeandika "bati nzuri". Geji 30 ni nyembamba kuliko 28, lazima iwe rahisi. Ukichagua ya bei ndogo hujalinganisha chochote. Dawa yake: andika karatasi moja ya vipimo (geji, urefu, idadi, rangi), ipeleke ile ile maduka matatu. Kila profoma iwe na TIN, tarehe, muda wa bei kudumu, muhuri, na iseme wazi kama VAT imo au haimo.

VAT ya kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Profoma ya milioni 90 isiyo na VAT ina milioni 16.2 zinazokusubiri mlangoni. Masharti ya mfadhili yaseme nani anazilipa, na yakisema si yeye, andiko lionyeshe ni nani.

#19 DalaliWaHoja
Na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Fundi wa madirisha wa Keko hana mashine, mradi umeisha, ripoti inarudishwa. Ukishaona kifungu cha bajeti kinaangukia kwa mtu asiye na EFD, kihamishe kwa anayeitoa hata kama ni ghali kidogo.

#20 GhorofaMoja
Mimi naona nyote mnakwepa. Tatizo ni bei ya darasa. Mwaka 2021, zile fedha za UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa milioni 20 kila moja. Mwaka 2022 yakaja 8,000 kwa bilioni 160, tena ni milioni 20. Kila mfadhili aliyepo nchini anaijua hiyo namba. Andiko la #1 linasema milioni 28 kwa darasa. Anagawa 112 kwa nne, anaona ziada ya milioni nane, anahisi mkono wa mtu.

#21 TofaliMbichi
#20 bei ya saruji na nondo haikukaa ilipokuwa 2021, mzee. Na bei ile ilikuwa moja nchi nzima, kwa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa yenyewe na kumtumia fundi wa mtaani. Bonde la Mbagala lenye udongo mfinyanzi si sawa na kichanga cha Kigamboni. Msingi tu unameza tofauti.

#22 GhorofaMoja
Basi aiandike hiyo! Aweke BOQ (mchanganuo wa vifaa na gharama) ya mhandisi wa manispaa, mstari wa msingi peke yake, na sentensi moja: "milioni nane za ziada ni msingi wa udongo mfinyanzi, angalia ukurasa wa 4." Akikaa kimya anaachia mtu amhukumu. Halafu Dar maeneo yameisha, wengi wanahitaji ghorofa. Ghorofa haijengwi kwa bei ya darasa la chini, inataka upimaji wa udongo na mhandisi wa miundo. Wafadhili wadogo hawagusi ghorofa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya Dar kukosa, sio hati wala profoma.

#23 NyarakaKwanza
Ghorofa bila hati utaijengea wapi, angani?

#24 MamaLishe_wa_Hoja
Naongeza sababu ambayo hamjaigusa: mchango wa jamii. Mfadhili anauliza "jamii inatoa nini?" Mkoani wanajibu mawe, mchanga, maji, msaragambo (kazi ya pamoja ya kujitolea) wa Jumamosi. Dar mzazi anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tatu usiku. Na michango ya fedha tangu elimu bila malipo ya 2016 ni ya hiari, yenye taratibu zake, mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumdai mtoto. Kwa hiyo kisanduku cha mchango kinaandikwa "asilimia 10" bila maelezo, na msomaji anajua ni uongo.

Hesabuni vitu halisi: usimamizi wa mhandisi wa manispaa, mlinzi wa saiti miezi mitano, kuunganisha maji, kusafisha kiwanja, kifusi cha mzazi mwenye tipa. Kila kimoja kipewe thamani na barua ya anayekitoa.

#25 KivukoniSaaKumi
Na kapitesheni? Shule inapata 10,000 kwa kila mwanafunzi, mara 2,310 ni milioni 23. Si mchango huo?

#26 Mzee wa Leja
Unakaribia kupata leo, ila bado. Msingi ni 10,000 kwa mwaka, lakini 4,000 ni ya vitabu na hainunuliwi na shule. Inayoingia akaunti ya shule ni 6,000. Mara 2,310 ni 13,860,000, tayari ina matumizi yake yaliyopangwa. Huwezi kuiita mchango wa ujenzi. Unachoweza ni kuonyesha kwamba fungu la ukarabati litatunza choo kikishajengwa. Hilo ni swali tofauti, na wengi hawalijibu: gari la maji taka likija kunyonya, nani analipa?

#27 SamakiNchanga
Tusisahau upepo. USAID imefungwa 2025. Asasi zilizokuwa zinakula kwenye mradi mkubwa zimeshuka kwenye hii mifuko midogo, na zina waandishi wa kulipwa. Kamati ya shule inashindana na watu wanaoandika kila siku. Mimi hii ndiyo naiona sababu, hayo mengine yalikuwepo miaka yote.

#28 DalaliWaHoja
Upo sahihi nusu. Kukosa kulikuwepo kabla ya 2025. Ila hilo la waandishi linanikumbusha kuonya: akija mtu akasema "nitawaandikia, mtanipa asilimia 10 ruzuku ikitoka", kataeni. Wafadhili wengi hawaruhusu kamisheni kutoka kwenye ruzuku, utailipa kwa risiti gani? Kama mna haja naye, mlipeni kwa kazi, kiasi kinachojulikana. Na "mfadhili" anayeomba ada ya kufungua faili kwa M-Pesa huyo ni tapeli, haijalishi nembo yake inang'aa vipi.

#29 ChakiNyeupe
Asanteni, nimejaza kurasa. Swali: shule iombe yenyewe au ipitie asasi?

#30 NyarakaKwanza
Inategemea mlango. Shule ya serikali ikiomba yenyewe, barua ya Mkurugenzi ni lazima, akaunti ya mradi haifunguliwi kienyeji, na hela ikiingia inaingizwa FFARS, mfumo wa serikali wa hesabu za vituo kama shule. Isipoingizwa, mkaguzi anaiita fedha isiyojulikana hata kama choo kinaonekana. Ukipitia asasi unapata wepesi wa akaunti, ila asasi ina mzigo wake: kwa kanuni za 2018, ufadhili unaozidi milioni 20 mkataba wake unapelekwa Hazina na kwa Msajili wa asasi ndani ya siku 10. Na muandikiane kwa maandishi choo kikiisha ni mali ya nani.

#31 Mzee wa Leja
Kwa choo cha milioni 40, mimi ningepitia manispaa. Mhandisi ni wao, ununuzi ni wao.

#32 MamaLishe_wa_Hoja
Na mimi ningepitia asasi. Kasi ya ununuzi wa manispaa unaijua wewe.

#33 TofaliMbichi
ChakiNyeupe, kabla ya yote hayo, hiyo shule iko bondeni au mlimani? Maji ya ardhini yakiwa juu, shimo linajaa masika ya kwanza, na picha ya ukaguzi ya mwezi wa nne ndiyo mfadhili ataikumbuka.

#34 ChakiNyeupe
Bondeni. Wanachimba futi nne wanakuta maji.

#35 TofaliMbichi
Basi milioni 2 kwa tundu haitoshi. Choo kinainuliwa, ngazi na njia ya kiti cha magurudumu vinaongezeka, na chemba inajengwa isiyopitisha maji. Andika upya hiyo mistari kwanza.

#36 GhorofaMoja
Nilisema mimi, bei.

#37 ChakiNyeupe
Kuna mwenye mchoro wa choo cha kuinuliwa cha matundu 10?

#38 BintiTandika
Ofisi ya mhandisi wa manispaa, Jumatatu, saa mbili na nusu kabla hajaenda saiti. Na ukiwa huko waombe wakupimie uzio.